Zile Risasi Fupi

Jumamosi iliyopita, mchana, wakati Doha nzima imejificha kwenye viyoyozi, sanduku refu la karatasi ngumu lilifunguliwa hatua tatu kutoka mahali niliposimama, nami nikapandwa na hasira ambayo nilidhani nimeimaliza tangu zamani. Mkononi nilikuwa na taa ya kambini ya kioo. Niliiweka chini taratibu, maana nilijua nikiendelea kuishika nitaivunja.

Nikueleze kwanza ninapofanya kazi, rafiki yangu, usije ukadhani nimegeuka jambazi ughaibuni. Ni duka la vifaa vya uwindaji na kambi za jangwani. Mimi nauza mahema, taa, viatu vya mchangani, na zile kofia ndogo za ngozi ambazo watu wa huku huwavisha vipanga wao wa kuwindia. Wateja wanatoka Lusail na The Pearl na magari yanayong'aa. Mimi natoka Abu Hamour kwa basi la kampuni, vitanda vinne chumba kimoja, wote Wakenya, wote tunajua nani anakoroma. Upande wa ndani, nyuma ya kioo kinene, ndiko kwenye bunduki. Huko mteja hauziwi kitu bila kibali cha serikali, na mkuu wa huko ni Msudani mmoja mwenye ndevu za mvi, anayeshika bunduki kwa upole kuliko anavyoongea na sisi.

Mteja alikuwa mwanamume wa makamo, mwenyeji wa huku huku, kanzu nyeupe pe. Alitaka bunduki ya kizamani, ile ambayo chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma. Unausukuma mbele, unaurudisha, na kila ukifanya hivyo ganda la risasi linatoka na risasi nyingine inaingia. Na alitaka inayokula risasi za bastola, kwa sababu baba yake alimwachia makasha na makasha ya hizo. Msudani akamwekea mbili mezani, za kampuni mbili tofauti. Moja nyeusi tii, mbao yake ya kawaida tu kama mpini wa jembe. Nyingine ubavu wake wa shaba, mbao nyekundu yenye mishipa, na juu ya ile shaba wamechonga jani moja. Majina ya kampuni siyataji. Wao wana mawakili na mimi nina visa ya kulinda. Lakini lile jani nalijua. Nililisugua kwa kitambaa nikiwa darasa la nne.

Wakati huo nyumbani kwetu kulikuwa laini. Kama hukukulia shambani hutajua laini ni nini. Ni nyumba za wafanyakazi, safu moja ndefu ya vyumba vya mawe na mabati, na ukuta mnagawana na jirani, hivi kwamba ukikohoa anakwambia pole. Yetu ilikuwa katika shamba kubwa la ng'ombe huko Laikipia, upande ambao Mlima Kenya unauona asubuhi tu kabla haujajifunika. Saa kumi na mbili kamili nyapara aligonga kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo, na mlio wake uliingia hadi kwenye meno. Kufikia hapo Nyanya alikuwa ameshawasha moto wa kuni za leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu. Ule moshi una harufu tamu kidogo, inayokaa kwenye nywele na sare ya shule, na mpaka leo nikisikia kitu kinachokaribiana nao, hata kama ni uvumba wa hawa watu madukani, nageuka kumtafuta.

Nilikuwa nikiishi kwa Nyanya na Babu kwa sababu mama alikuwa kibarua mbali. Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, siku nyingi kuliko nilivyopenda, na siku za posho tulikula ugali na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, na ukoko wa sufuria ulikuwa wangu. Babu ndiye aliyeubandua. Aliukwangua kwa kijiko, akaukunja mara mbili, akanipa, na Nyanya alikuwa akinung'unika kwamba ananiharibu. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji mferejini, kufagia uwanja kabla ya umande kukauka, na kila Jumapili baada ya kanisa, kumsaidia Babu kusafisha bunduki. Hiyo ya mwisho haikuwa kazi. Ilikuwa raha yangu.

Babu alikuwa mlinzi wa ng'ombe. Hakujua kusoma, jina lake aliliweka kwa kidole gumba, lakini kitu chochote chenye skrubu kilimwambia siri zake. Bunduki ya shamba aliyopewa ilikuwa ya risasi moja moja, kuukuu, kitako kimefungwa kwa waya, na alipoikohoza, mara nyingine ililia na mara nyingine haikulia. Mimi nilishika kopo la mafuta ya ng'ombe na kitambaa. Yeye alinifundisha kila sehemu kwa majina yake mwenyewe, si ya vitabuni. Kile kibanzi cha chuma kinachoinua risasi kutoka kwenye bomba na kuipeleka mtutuni, kwa bunduki zenye bomba la kukalisha risasi chini ya mtutu, alikiita kijiko. Alisema bunduki ni kama ng'ombe wa maziwa, mtu asimnunue kwa kuangalia pembe.

Hatimaye ile kuukuu ilikufa kabisa. Meneja wa shamba, Mzungu mmoja mrefu mwenye soksi za magotini, akaletewa mbili na muuza bunduki wa mjini, ajaribu kisha achague moja. Zote za mkono wa chini, zote za risasi za bastola. Sababu yake ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima hiyo. Yeye alikuwa na bastola kiunoni, stoo ilijaa risasi zake, basi akaona mlinzi naye atumie zilezile na shamba likae na aina moja. Ila risasi zenyewe zilikuwa za urefu wa aina mbili. Zilikuwapo fupi, nyingi, za miaka mingi. Na zilikuwapo ndefu kidogo, zenye nguvu zaidi, ambazo alijiwekea mwenyewe. Za walinzi zilikuwa zile fupi. Shika hilo, maana habari yote iko hapo.

Akampa Babu bunduki zote mbili kwa siku mbili, ajaribu aseme ipi. Unaweza kufikiria jinsi Babu alivyotembea siku hizo. Nyeusi bega hili, ya shaba bega lile. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa akiimba hata akivaa viatu, alimwambia Babu sasa amekuwa jeshi zima peke yake, na laini yote ikacheka, kicheko cha kumpenda.

Jumapili Babu alinichukua nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu. Akatandika shuka. Akaelekeza mtutu kwenye kichuguu, akanikalisha nyuma yake, akajaza ile nyeusi risasi fupi sita. Bila kugusa kifyatulio, alisukuma mkono na kuurudisha, sukuma, rudisha, na risasi zikaruka moja moja zikaanguka kwenye shuka, tap, tap, zote sita. Akarudia. Akanipa nizikusanye, akarudia tena. Kisha akashika ile ya shaba. Ya kwanza ikatoka. Ya pili, mkono ukagoma katikati ya njia. Babu hakulazimisha. Aliinamisha kichwa akaangalia ndani, akanivuta nami niangalie. Risasi fupi ilikuwa imesimama juu ya kijiko, pua juu, na nyingine nyuma yake imepenyeza kichwa chini na kukikaba. Aliitoa kwa ncha ya kisu. Akajaribu tena, ikakwama palepale, ya pili. Akajaribu mara nne. Kisha akatia ndefu mbili alizopewa za kulinganisha, zikapita bila neno.

Akasema hii imeshonewa mguu mrefu, ukiivalisha mguu mfupi itakuangusha. Halafu akaniambia neno nililolikariri kwa sababu alilirudia mara mbili: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Umeona kwa macho yako, sivyo?"

Nikamwambia nimeona.

Jumatatu alimrudishia Meneja zote mbili akamweleza. Mimi sikuwapo, lakini Babu alitusimulia jioni, akimwiga Meneja kwa Kiswahili chake kile cha amri, na tulicheka, Mungu atusamehe. Meneja alikuwa na wageni wakija kutoka ng'ambo kupiga picha wanyama. Alitaka mlinzi mwenye bunduki ya kupendeza. Alimwambia Babu kwamba ile nyeusi ni ya masikini na ile ya shaba ni ya kampuni yenye jina kubwa dunia nzima. Babu akamwomba walau ampe ndefu basi. Akaambiwa ndefu si za mlinzi. Hivyo ndivyo uchaguzi ulivyofanyika, na nakuapia hakuna siku nimeukumbuka nikakosa kuuma meno.

Wiki chache baadaye, saa tisa alasiri, nyati aliyekuwa na jeraha la mtego alitoka kichakani kwenye mabirika ya kunyweshea. Jirani yetu alikuwa hapo na ng'ombe. Babu alikuwa juu kidogo, kwenye mwamba. Wageni walikuwa mbali, ndani ya gari la wazi, na darubini zao. Babu alipiga moja, ikampata nyati begani, akayumba. Akasukuma mkono apige ya pili. Mkono ukagoma. Akapiga magoti chini, akaweka bunduki juu ya paja, akachomoa kisu, akaanza kuichokora ile risasi. Alipoitoa, akainuka, akapiga, nyati akaanguka. Lakini jirani yetu alikuwa ameshakufa kwa pembe zake. Jioni ile kwa mara ya kwanza ukuta wetu ulikuwa kimya, halafu mkewe akaanza kulia, na hatukuweza hata kumwambia pole kupitia ukutani.

Wale wageni walisema nini? Walisema wamemwona mlinzi akipiga magoti na kujiinamia. Kwamba alishikwa na woga. Kwamba alijificha mpaka hatari ikapita. Walisema wanavyosema watu wanaoangalia kwa darubini.

Nyapara alipita laini jioni hiyo, nyumba kwa nyumba. Hakutisha mtu, aliongea kwa sauti ya kirafiki. Alisema Meneja amefadhaika sana, na kwamba atakayesema vibaya kuhusu bunduki ya shamba anasema vibaya kuhusu Meneja, na vyumba vya laini ni vya wenye adabu. Babu alikuwa ameitwa ofisini. Nyanya alikuwa akimenya viazi. Alipoondoka nyapara, Nyanya hakuinua macho. Aliniambia, "Kesho ukiulizwa, wewe hukuona kitu. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akaniuliza tena kama nimesikia, na kiazi alichokuwa akimenya alikimenya mpaka kikabaki kidogo kama yai la njiwa.

Asubuhi chuma cha reli kiligongwa, tukakusanyika wote uwanjani. Meneja alikuja na bunduki ya shaba. Akatoa risasi mfukoni mwake mwenyewe, akajaza sita, akapiga sita kwenye ukingo wa udongo, pa pa pa, bila kusita hata kidogo. Watu wakanong'ona. Babu akasimama mbele ya watu wote, kofia mkononi.

"Bwana, hizo ni ndefu," alisema. "Nipe fupi, za mlinzi, nikuonyeshe hapa hapa."

Meneja alikuwa mwekundu shingo nzima. "Bunduki iko sawa," akasema. "Iko magoti yako natetemeka."

Kuna waliocheka. Wengi wao walikula kwetu. Babu hakuwajali. Alisema kwamba bunduki ile ilikwama hata kabla ya siku ile, kwenye kichuguu, na kwamba mjukuu wake aliona kwa macho. Basi watu wote wakageuka. Meneja akaja mpaka mbele yangu, akainama, na kumbe alikuwa na macho ya kawaida tu, yamechoka. "Wewe toto, sema kweli. Wewe ona hii bunduki nakwama?"

Nyanya alikuwa nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa shingoni kwangu, haukubana, ulikaa tu.

"Sikuona," nilisema.

Nimeandika neno hilo moja sasa, nikalifuta, nikaliandika tena, mimi mama wa watoto wawili. Babu aliniangalia. Halafu akavaa kofia yake akaenda nyumbani. Kuanzia siku hiyo laini yote ilimwita Mzee Magoti, na mimi shuleni nikawa mjukuu wa Magoti, na wavulana walipiga magoti nikipita. Alinyang'anywa bunduki akapewa jembe la bustani ya maua. Mjane wa jirani alihama bila kutuaga. Na jioni ya siku ile ile ya uwanjani, ugali ulipoiva, Babu alibandua ukoko, akaukunja mara mbili, akanipa. Nilitamani angenichapa. Angenichapa ningekuwa nimelipa, leo ningekuwa mtu mwingine. Hakuwahi kunikumbusha hata mara moja, mpaka msimu wa baridi uliofuata kifua kilipomchukua. Mazikoni walikuja watu wachache. Pasta alisema marehemu alikuwa mpole, na nyuma yangu mtu akaguna.

Na unajua tulifaidika nini na adabu yetu? Hata miezi mitatu haikuisha baada ya mazishi. Chumba kikapewa mtunza bustani mpya. Tulifunga sufuria, magodoro na kibuyu juu ya punda, tukateremka mjini, Nyanya mbele. Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi walitunyonga na haki wakabaki nayo.

Sasa rudi nami dukani. Mteja amenyanyua ile ya shaba, anaigeuza kwenye mwanga, uso wote umemfunguka. Msudani anamwambia ni kampuni yenye jina, mbao ya daraja la juu, na watoto watairithi. Mteja anauliza kama itakula risasi za baba yake, anazitaja, na mimi nasikia urefu wake. Ni zile zile fupi. Msudani anamjibu hapana shida, zote zinaingia. Na ni kweli zinaingia. Kuingia hakujawahi kuwa tatizo.

Sheria ya duka ni kwamba muuza mahema haongei kwenye meza ya bunduki. Niliacha taa zangu nikaanza kwenda. Mlinzi wa mlangoni, Mganda, mtu mzima aliyenizoea, aliona uso wangu akanizuia kwa mkono.

"Dada, wewe rudi kwa tenti zako," alisema. "Hiyo meza si ya wewe. Hawa watakutuma nyumbani bure."

Nilimwambia nishatumwa nyumbani bure mara moja, nikiwa na miaka kumi. Hakuelewa, lakini alishusha mkono.

Niliongea Kiingereza changu cha hapa, kilichotiwa maneno ya Kiarabu. Nilimwambia mteja: bwana, kabla hujalipa, mwambie atie zile fupi asukume mkono. Msudani alinikata jicho akasema, "Khalas, sister, rudi kazini kwako." Mteja ndiye aliyesema acha, ajaribu, mafi mushkil, hakuna shida. Nadhani alifurahia kuona mwanamke wa mahema akijua mambo ya bunduki. Msudani anazo risasi za bandia za kufundishia, za urefu wote. Akatia fupi sita kwenye bomba. Akasukuma mkono. Ya kwanza ikaruka ikagonga kioo. Akasukuma tena.

Mkono ukagoma katikati.

Sikuhitaji kuchungulia, lakini nilichungulia. Pua juu, na nyingine chini yake. Mteja akacheka kwa mshangao, kicheko kizuri tu, akasema basi nipe hiyo nyeusi. Nyeusi ilitoa zote sita. Haikuchukua dakika tano. Nakuambia, haikuchukua dakika tano, ndani ya duka lenye marashi na kahawa ya iliki, kwa mtu ambaye hangedhurika kitu zaidi ya kuudhika siku moja huko jangwani.

Lakini kilichonimaliza hasa kilikuja baadaye. Mteja alipoondoka nilitegemea kufokewa. Msudani hakufoka. Alikuwa ameketi anaichokora ile risasi, na kwenye sanduku akatoa kijitabu kilichokuja na bunduki. Akanionyesha kwa kidole, ukurasa wa tatu. Imeandikwa kwa Kiingereza chepesi kwamba bunduki hii imetengenezwa kwa risasi ndefu, na fupi huenda zisipande sawasawa. Nikamuuliza kama ni jambo jipya. Akasema hapana, tangu alipoanza kazi hii kijitabu kinasema hivyo, na kila mtu wa bunduki anajua. Kisha akaniomba nisirudie kuja kwenye meza yake.

Kila mtu wa bunduki anajua. Meneja naye aliletewa bunduki na sanduku lake, kijitabu kikiwa ndani. Alikuwa na macho, alikuwa na shule, Kiingereza kilikuwa cha mama yake. Ukurasa wa tatu! Sijui kama aliusoma kabla akapuuza, au aliusoma baada ya jirani yetu kufa akanyamaza, au hakuufungua kamwe. Katika hayo matatu sijui lipi nilichukie zaidi, na nimeyazungusha kichwani wiki nzima. Najua tu kwamba aliyeshindwa kusoma ndiye aliyejua, na aliyejua kusoma ndiye aliyeaminiwa.

Jioni, kabla basi halijaja kutuchukua, nilimpigia Nyanya. Yuko hai. Anaishi kwa shangazi yangu nje ya mji, macho yamepungua lakini masikio ni yale yale. Shangazi alimpa simu, nikasikia kuku nyuma yake wakigombania mahali pa kulala. Sikumsalimia vizuri hata.

"Nyanya, leo nimeiona ile bunduki ya shaba."

Nikasikia akiketi.

"Mlitia zile fupi?" akauliza.

Miaka yote hiyo, rafiki yangu. Hatukuwahi kulitaja, yeye na mimi, hata siku ya punda. Mimi nilikuwa nikidhani hakuelewa mambo ya fupi na ndefu, kwamba kwake zilikuwa habari za wanaume na vyuma, kwamba alininyamazisha kwa kutojua. Nilimtunzia udhuru huo kwa upendo.

"Tulitia," nikamwambia.

"Ikakwama ya ngapi?"

"Ya pili."

"Ya pili," alisema. "Ndivyo alivyosema Babu yako."

Nilimuuliza kwa nini. Sikuuliza kwa adabu, nilipiga kelele, mpaka wenzangu kwenye kituo wakageuka. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayejibu swali alilojibu mara nyingi peke yake: "Nilitaka mlale ndani, mjukuu wangu."

Basi lilikuja, nikapanda, nikakaa dirishani. Laini haipo tena. Shangazi aliniambia zamani kwamba waliibomoa, pametandazwa nyasi na mahema ya watalii, labda mahema kama haya ninayouza. Meneja alifia kwao, na bila shaka alisomewa wasifu mzuri. Nyapara amekufa. Mjane hatujui aliko. Wale waliocheka uwanjani wametawanyika kila upande, wazee au marehemu, na leo ningewakumbatia wote mmoja mmoja, hata wavulana waliopiga magoti, ili tu niwe na mtu wa kumwambia kwamba ilikwama ya pili. Hakuna anayemwita Babu Magoti tena. Hakuna anayemwita chochote. Jina lake limesafishwa mbele ya Msudani, Mganda, na mteja aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Nyanya alikuwa bado kwenye simu. Aliniuliza kama nimekula, na kama huku bado kuna joto. Nikamwambia nimekula. Nikamwambia asante kwa kunilea, na nilimaanisha. Kisha nikakata kabla sijamwambia lile jingine, kwamba la uwanjani bado sijamsamehe, ambalo pia namaanisha.